Kilomita Moja na Nusu kwa Saa Tatu: Kupanga Hoteli ya Bei Nafuu Tijuana

Najua niliahidi kuendelea na yale masomo ya hifadhidata, lakini leo mtaniwia radhi. Kuna jambo la hoteli linalonikera na nimelibeba moyoni muda mrefu mno. Tena si la hoteli tu. Ni la programu, na linatuhusu sisi tunaoziandika.

Mwaka 2025 nilitumwa San Diego, California, kwenye mkutano wa waandishi wa programu wa siku nne. Kampuni ilinilipia tikiti ya ndege, halafu ikanipa kiasi maalumu cha pesa za malazi na chakula. "Kitakachobaki ni chako," wakaniambia. Mwambie Mkenya maneno hayo uone atakavyoamka! Kabla hata sijafunga begi nilikuwa nimeshakitumia hicho kitakachobaki: karo ya muhula wa mwisho ya mdogo wangu aliye chuo cha ufundi. Kwa hiyo sikuwa na mchezo. Kila dola ambayo ningempa mwenye hoteli ilikuwa inatoka kwenye karo.

Hoteli za karibu na ukumbi wa mkutano hazikushikika. Nikasogea mbali na katikati ya jiji, bado. Nikaendelea kuivuta ramani kuelekea kusini mpaka nikafika mwisho wa Marekani, mahali paitwapo San Ysidro, ambapo kuna treni ya mjini inayokwenda moja kwa moja hadi katikati ya San Diego kwa muda usiofika saa moja. Nikaandika San Ysidro kwenye tovuti moja kubwa ya kuhifadhi vyumba, nikabonyeza kile kitufe tunachokipenda sote, "bei ya chini kwanza". Hoteli zikajipanga. Ya kwanza, kilomita 1.4 kutoka kituo cha treni, peso 480 kwa usiku, yaani kama dola 25. Iliyokuwa na bei ya chini kabisa upande wa Marekani ilikuwa dola 98 pamoja na kodi. Ndiyo, orodha ilichanganya nchi mbili kana kwamba ni mitaa miwili ya mji mmoja. Hoteli ile ilikuwa Tijuana, Meksiko.

Nataka niseme msimamo wangu mapema ili anayetaka kubishana ajiandae. Kulala Tijuana si kosa. Ni mji mzuri, chakula chake nitakisifu hadi uzee. Kosa ni kuipanga safari hiyo kwa bei ya chumba, kwa sababu katika mji wa mpaka bei ya chumba ndiyo sehemu ndogo ya hesabu. Sehemu kubwa ni mpaka wenyewe. Na tovuti zetu hazijui kabisa kwamba kuna mpaka.

Tuanze na pasipoti, maana hapo ndipo wengi wetu tungekwama kabla hata ya hoteli. Mwenye pasipoti ya Kenya anahitaji viza kuingia Meksiko. Lakini Meksiko humruhusu aingie bila viza yake kama tayari ana viza halali ya Marekani, Kanada, Japani, Uingereza au nchi za Schengen, kwa ziara isiyozidi siku 180. Kwa hiyo kwenda si tatizo. Kurudi ndiko kwenye mambo. Tazama viza yako ya Marekani mahali palipoandikwa idadi ya kuingia. Ukiona herufi M, unaweza kuingia mara nyingi. Ukiona 1, hebu tulia. Kuna nafuu ya kisheria kwa aliyekwenda Meksiko au Kanada kwa siku zisizozidi 30, lakini ina masharti yake, na mimi singeweka kazi yangu rehani juu ya masharti niliyoyasoma usiku kwenye simu. Na hata ukiwa na M, kila asubuhi unaporudi unaombwa upya kibali cha kuingia, na afisa aliye mbele yako ana haki ya kukuuliza maswali upya. Mwenye kulala San Ysidro huulizwa mara moja tu, alipotua uwanja wa ndege. Mimi niliulizwa mara tano. Sikuona hilo popote kwenye ile orodha ya bei.

Basi nikahifadhi ile ya peso 480, usiku nne, Jumapili hadi Alhamisi, nikajiona mjanja.

Kwenda kusini ni rahisi kama kuingia sokoni. Unashuka kwenye treni, unatembea, unapita kwa maafisa wa uhamiaji wa Meksiko, wanagonga muhuri, umefika. Dakika kumi na tano. (Hakikisha wamegonga. Wenyeji wanapita mbio na ni rahisi kufuata mkondo wa watu, lakini muhuri huo ndio ushahidi wako ukisimamishwa barabarani.) Nilifika hotelini jua likiwa bado lipo, nikamtumia mdogo wangu picha ya barabara ya Revolución, ile ya maduka ya watalii, nikamwambia karo ipo.

Asubuhi ya Jumatatu nilikuwa na zamu ya kuzungumza kwa dakika kumi, saa tatu kamili. Dakika kumi tu, lakini ndizo zilizonipandisha ndege kutoka Nairobi. Nikafika mpakani saa kumi na moja na nusu alfajiri nikiwa na uhakika kwamba nimewahi mno. Nilikuta foleni imetoka kwenye jengo, imepinda, imefuata ukuta, imepita vibanda vya kahawa, na mwisho wake sikuuona. Niliouliza kama ndiyo foleni yenyewe walinicheka kwa upole. Wengi wao ni watu wanaoishi Tijuana na kufanya kazi au kusoma San Diego. Hufanya hivyo kila siku ya Mungu. Mama mmoja alikuwa anamsomesha mtoto hesabu akiwa amesimama, daftari limewekwa mgongoni mwa kaka yake.

Nilitoka upande wa pili saa mbili na dakika ishirini. Saa tatu kasoro dakika kumi kwenye foleni, kwa kilomita moja na nusu. Nilipofika ukumbini baada ya treni, zamu yangu ilikuwa imeshapewa mtu mwingine. Wenyeji wa mkutano walikuwa waungwana, wakaniweka siku ya mwisho mchana, wakati nusu ya watu wamekwenda viwanja vya ndege. Nilizungumza na viti.

Sasa, kwa nini tovuti iliniambia kilomita 1.4? Kwa sababu ilichukua latitudo na longitudo ya kituo, ikachukua za hoteli, ikapiga ile fomula ya umbali juu ya tufe, ikaleta jibu. Hesabu ni sahihi kabisa. Ndege angeruka kilomita 1.4. Mimi si ndege, na angani kwa ndege hakuna afisa wa uhamiaji.

Kwa sisi tuliosoma kompyuta chuoni, jibu sahihi tulifundishwa mwaka wa pili. Chora mji kama grafu: mahali ni nodi, barabara ni njia kati ya nodi, na kila njia ina uzito, ambao si lazima uwe kilomita. Unaweza kuwa dakika. Unaweza kuwa pesa. Na njia yaweza kuwa na mwelekeo, yaani kwenda uzito mmoja, kurudi uzito mwingine. Algorithimu aliyoichapisha Edsger Dijkstra mwaka 1959 haisumbuliwi na jambo hilo hata kidogo. Ipe njia ya San Ysidro kuelekea kusini uzito wa dakika 15, kuelekea kaskazini Jumatatu alfajiri uzito wa dakika 170, na hoteli yangu ya "karibu" inaporomoka hadi chini ya orodha.

Mtu atasema data ya foleni inatoka wapi. Ipo, na ni ya bure! Idara ya forodha na ulinzi wa mipaka ya Marekani hutangaza kwenye tovuti yake muda wa kusubiri katika vituo vyake vya mpakani, magari mbali na waenda kwa miguu mbali, na huitoa pia kwa muundo ambao programu inaweza kuusoma. Mtoto wa mwaka wa kwanza anaweza kuikusanya kwa mwezi mmoja akajua Jumatatu alfajiri inafananaje na Jumatano. Wala hatuzungumzii kijimpaka cha porini. Serikali ya Marekani yenyewe inakadiria kwamba San Ysidro hupitisha kuelekea kaskazini abiria wa magari kama 70,000 na waenda kwa miguu kama 20,000 kila siku. Watu wote hao, na programu inaichukulia sehemu hiyo kama uwanja mtupu.

Lakini ngoja nijirushie jiwe mwenyewe kwanza. Miaka michache iliyopita nilishiriki kuandika programu ya kupeleka vifurushi Mombasa. Mimi ndiye niliyeandika kipande cha "mwendeshaji aliye karibu nawe". Nilitumia fomula ileile ya mstari ulionyooka, kwa sababu ilikuwa mistari sita ya kodi na ilifanya kazi vizuri ofisini Nairobi. Siku ya kwanza mteja wa kisiwani akapewa mwendesha boda aliyekuwa Likoni, nusu kilomita tu kwa mujibu wa programu yangu. Katikati kulikuwa na bahari, na foleni ya feri. Jamaa alinipigia simu akanieleza kwa Kiswahili cha Pwani, taratibu na kwa heshima zote, kwamba pikipiki yake haiogelei. Tulicheka ofisini, tukabandika kiraka, tukasahau. Pale Tijuana, kwenye foleni, nilimkumbuka yule bwana vizuri sana.

Kuna mtego mwingine wa aina hiyohiyo. Tangu Desemba 2015 kuna daraja la waenda kwa miguu linalounganisha uwanja wa ndege wa Tijuana na upande wa San Diego, linaitwa CBX. Ukitafuta hoteli za mtaa wa Otay, ambazo huwa na bei nzuri, ramani itakuonyesha kwamba unaweza kufika Marekani kwa kutembea dakika chache tu. Huwezi. Daraja lile ni la abiria wa ndege wenye tikiti ya kutoka au kuingia uwanja huo. Mgeni wa hoteli hana kazi pale. Vilevile kuna kivuko cha pili cha waenda kwa miguu San Ysidro, PedWest, kilichofunguliwa 2016. Kilifungwa 2020 wakati wa korona, na tangu hapo kimekuwa kikifunguliwa na kufungwa tena. Ukikikuta wazi ushukuru, lakini usikipangie ratiba.

Nirudi kwenye hoteli yenyewe. Peso 480 zina sababu yake. Niligundua usiku wa kwanza kwamba nilikuwa Zona Norte, mtaa uliobanwa kati ya mpaka na katikati ya mji, ambao ndani yake kuna eneo la madanguro yanayofanya kazi kwa ruhusa ya serikali ya mji. Chumba cha pembeni kilikuwa kinakodishwa kwa saa. Wageni wake walibadilika mara nne kabla ya saa sita usiku, nikaacha kuhesabu. Siwahukumu watu wa mtaa ule, kila mtu anatafuta riziki. Nasema tu kwamba tovuti ilikuwa na picha ya kitanda, picha ya taulo lililokunjwa kama bata, na nyota tatu, na haikuwa na njia ya kuniambia jambo ambalo dereva yeyote wa teksi angeniambia kwa sentensi moja.

Na usalama si jambo la kupuuzwa Tijuana. Mwaka 2018 pekee watu zaidi ya 2,000 waliuawa katika mji ule, sehemu kubwa katika vita vya magenge ya dawa za kulevya, na wengi wao katika mitaa ya pembezoni ambako mgeni hana sababu ya kufika. Mgeni anayekaa katikati ya mji na maeneo ya biashara, anayepanda teksi usiku badala ya kutembea, huwa anapita salama. Lakini hiyo ina maana kwamba teksi ni sehemu ya bei ya hoteli. Ukichagua ya bei ya chini iliyo mahali ambapo hutathubutu kutembea baada ya magharibi, iongeze teksi kwenye hesabu tangu mwanzo.

Jumatatu jioni nikahamia Zona Río, mtaa wa ofisi, kliniki za meno na ule ukumbi wa utamaduni wenye umbo la mpira mkubwa uliojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Peso 950 kwa usiku. Hoteli ya kwanza iliniandama kwa usiku mmoja zaidi kama faini ya kuvunja mpango. Kwenye hoteli ya pili ndipo lilipotokea jambo ambalo sikulitarajia. Kijana wa mapokezi alinitazama, akatazama begi, akaniuliza kwa Kihispania, kisha kwa Kiingereza: ni kwa mwezi? Sikumwelewa. Akafafanua: nitalipa kwa usiku au kwa mwezi?

Baadaye nilielewa. Mwaka 2016 maelfu ya watu kutoka Haiti walifika Tijuana wakitaka kuingia Marekani, na wengi wakabaki. Baada yao wakaja Waafrika, Wakameruni na wengine, waliopita Amerika Kusini na misitu ya Panama kwa miguu. Hoteli za bei nafuu za katikati ya mji ndizo zilizowapokea, watu watano chumba kimoja, wakilipa kwa mwezi na kusubiri. Mtu mweusi mwenye begi kwenye kaunta ya hoteli ya bei nafuu Tijuana anadhaniwa kuwa anasubiri. Kijana hakuwa na ubaya wowote, aliomba radhi mpaka mimi ndiye niliyeona haya. Na mimi sikuwa na cha kukasirikia. Nilikuwa nabana matumizi ili nibakize pesa, mwenzangu kwenye kaunta hiyohiyo alikuwa amebana maisha yake yote. Lakini kwa Mkenya anayepanga safari kama yangu, nasema hivi: beba pasipoti yenyewe, usibebe nakala, na uwe nayo hata ukishuka kununua maji. Mtalii mwingine ataombwa kitambulisho mara moja. Wewe utaombwa zaidi.

Sasa pesa. Meksiko na Marekani zote hutumia alama ya $. Nilipoona bango la moteli "$750" siku ya kwanza nusura nigeuze. Ni peso. Katika miaka ya karibuni dola moja imekuwa ikienda kati ya peso 16 na 21 hivi, na mimi nilihesabu kwa 19. Lakini katika mji wa mpaka utata huu si wa mzaha, maana dola zinapokelewa madukani na kuna biashara zinazoandika bei kwa dola kwelikweli. Kwetu waandishi wa programu dawa inajulikana: hifadhi msimbo wa sarafu, MXN au USD, na uuonyeshe kwa mtumiaji. Tovuti nyingi zinaonyesha alama tu. Ya kwangu ilibadilisha bei kuwa dola kwenye orodha, ikarudi kwenye peso kwenye ukurasa wa malipo, na alama ikabaki ileile. Mtu aliyechoka anaweza kulia.

Na bei ya orodha si bei ya mwisho. Tafuta maneno "más impuestos", yaani kodi haijaongezwa. Kodi ya mauzo Meksiko ni asilimia 16, lakini mwaka 2019 serikali iliishusha hadi asilimia 8 kwa ukanda wa mpaka wa kaskazini, Tijuana ikiwemo, na juu yake kuna kodi ya malazi ya jimbo. Unapolipa kwa kadi, mashine ikikuuliza kama unataka kulipa kwa sarafu ya nyumbani kwako, kataa. Chagua peso. Ukikubali, mashine ndiyo inayokupangia kiwango cha kubadilishia, na haikupangii kwa huruma.

Jambo la saa nalipitia haraka ingawa ndilo ninalolipenda kuliko yote. Mwishoni mwa Oktoba 2022 Meksiko iliacha mtindo wa kusogeza saa majira ya joto, isipokuwa miji ya mpakani inayofuata saa za jirani zao wa Marekani. Kwa hiyo Tijuana na San Diego zina saa moja mwaka mzima, lakini Tijuana na Mexico City hutofautiana kwa saa moja majira ya joto na saa mbili majira ya baridi. Ukiweka kalenda yako kwenye "Mexico City" kwa kuwa uko Meksiko, umekwisha. Kisa cha Ciudad Juárez, iliyo jirani na El Paso, ni kizuri zaidi: baada ya sheria ile jimbo lao liliwaweka kwenye saa tofauti na El Paso, watu wakavumilia kwa mwezi mmoja, na tarehe 30 Novemba 2022 wakarudishwa. Wale wanaotunza kanzidata ya saa za dunia ambayo kompyuta zetu nyingi hutumia ikabidi waunde ukanda mpya kabisa, America/Ciudad_Juarez, katika toleo la 2022g. Seva ambayo haikusasishwa iliendelea kuwapa watu saa isiyo yao. Muda wa mwisho wa kuvunja mpango wa hoteli bila faini huhesabiwa kwa saa za mji wa hoteli. Fikirieni wenyewe.

Haya, hesabu yangu. Hoteli zote mbili pamoja na faini zilinigharimu peso 3,810, kama dola 200. San Ysidro ningelipa dola 392. Nimeokoa dola 191 na senti. Toa teksi sita, dola 36. Toa laini ya simu ya Meksiko, dola 15. Zimebaki 140. Foleni za asubuhi nne zilikuwa saa 2 na dakika 50, saa 1 na dakika 50, saa 2 na dakika 10, na saa 1 na dakika 20. Jumla saa 8 na dakika 10. Maana yake nililipwa kama dola 17 kwa kila saa niliyosimama.

Nikiwa mkweli, hayo si malipo mabaya. Kuna kazi nimewahi kuzifanya kwa chini ya hapo, tena nimekaa. Kwa mtu aliye likizo, asiye na zamu ya saa tatu asubuhi, asiyevuka kila siku, ningemwambia lala Tijuana, lala Zona Río au katikati ya mji karibu na barabara ya Revolución, vuka kaskazini siku moja tu na uvuke mchana. Kwa mwenye shughuli zake Tijuana kwenyewe, kama hao wanaokwenda kutengeneza meno, hakuna hata mjadala. Kinachonikera ni kwamba hakuna aliyeniuliza kama naitaka kazi ile ya kusimama. Kitufe kilisema "bei ya chini" na kikaniandikisha.

Wala siombi miujiza. Naomba swali moja tu kwenye ukurasa wa kutafuta hoteli za miji ya mpakani: "Utavuka mara ngapi, na saa ngapi?" Sanduku mbili ndogo. Mtu akijibu sifuri, mpe orodha ya zamani. Akijibu nne, alfajiri, panga upya, na mwandikie pembeni saa atakazosimama. Atakayechagua Tijuana baada ya hapo achague akijua. Najua kwa nini hawafanyi, tovuti hulipwa chumba kinapouzwa na foleni haina kamisheni. Lakini pia najua kwamba mahali fulani kuna mwandishi wa programu kama mimi aliyeandika mistari sita, ikafanya kazi ofisini kwake, akaenda kula.

Karo nililipa. Dola 140 hazikutosha, nikaongeza za kwangu mwezi uliofuata. Na wiki iliyopita nilifungua tena ile kodi ya Mombasa. Kiraka chetu bado kipo, kimeandikwa kwa herufi kubwa: KAMA LIKONI, ONGEZA DAKIKA 30. Jumapili hii nakifuta, naanza kuchora grafu.